Jinsi ya Kutazama Ndege wa Kinamasini Bila Kuwakurupusha

Karibuni. Hilo tope mnaloliona kwenye buti zangu ndiyo gharama ya kiingilio.

Kwanza, wahi. Fika kabla jua halijachomoza, maana kukipambazuka tu ndege wanaanza kuhangaikia chakula, na joto likizidi wengi wanazama ndani ya matete. Kaa mahali ambapo jua litakuwa mgongoni kwako. Ukilikabili, kila ndege utamwona mweusi.

Mavazi, rangi ya majani makavu yatosha; nyeupe iache. Simu izime mlio. Beba na fimbo ndefu, na usikanyage mahali ambapo fimbo haijatangulia.

Sasa darubini. Hii imeandikwa 8x42: inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Lenzi pana hupitisha mwanga mwingi, jambo la maana sana alfajiri. Wanaoanza hutamani inayokuza mara 12, lakini hiyo mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege naye anacheza ngoma. Tazama ninavyofanya: macho yamebaki kwa ndege, mikono ndiyo inapandisha darubini. Ukianza kuinamia darubini, ukiinuka utabaki kutafuta tete lipi lilikuwa lipi.

Haya, kaa kitako. Nyamaza. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, wakaondoka wakisema hakuna kitu. Ndege wapo, ila wamekuona. Wape dakika 20 hivi wakuzoee, utaona matete yanaanza kutikisika.

Wakitoka, usihesabu. Chagua mmoja umng'ang'anie. Tumchukue huyu wa miguu mirefu pale kushoto. Wengi wetu kila mwenye miguu mirefu tunamwita korongo, basi. Ngoja aruke... umeona shingo? Ameikunja kama herufi S. Huyo ni ndugu yake yangeyange. Kwarara, yule mwenye mdomo uliopinda chini, angeinyoosha mbele.

Huyu mdogo mweupe naye anatikisa mguu majini. Si baridi: anawashtua samaki na wadudu watoke mafichoni, kisha anadonoa. Mdiria mweusi-mweupe hufanya kazi yake hewani. Anapigapiga mabawa amesimama palepale, mdomo chini, halafu anajitupa. Akipata samaki, atakwenda kumpigiza kwenye tawi kabla ya kummeza. Na mnandi aliyetandaza mabawa juu ya kisiki anaanika. Manyoya yake hulowa, na ndiyo maana anazama vizuri.

Ila mimi nikija hapa namtafuta sile-maua. Vidole virefu kupita kiasi, vinavyogawanya uzito wake, ndiyo maana anatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Ukimwona na vifaranga, usiseme "mama huyo." Dume ndiye anayeatamia mayai na kulea, tena hatari ikitokea huwabeba vifaranga chini ya mabawa, miguu yao ikining'inia nje. Jike huyo ameshakwenda kwa dume mwingine.

Mtazame ndege unayemtazama kama naye anakutazama. Akiacha kula, akainua shingo na kukukodolea, umesogea mno, rudi taratibu. Akikuzunguka kwa kelele, au akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, kuna kiota au vifaranga karibu. Usikitafute. Ondoka kwa njia uliyojia, ukitazama unapokanyaga. Na zile sauti za ndege za kwenye simu za kuwaita, mimi sizipigi, hasa msimu wa kutaga: dume atadhani amevamiwa, aache shughuli zake aje kupigana na spika.

Daftari liwe mkononi. Usiandike jina tu. Andika saa, upepo, alikuwa anafanya nini, kwa muda gani. Jina usipolijua, chora mdomo na miguu, utalitafuta baadaye.

Sasa nashusha sauti, maana yule mdiria amerudi kwenye tawi lake na ana kitu mdomoni.