Wenye Kuchora Pembeni mwa Daftari: Mafunzo ya Kutengeneza Viungo Bandia vya Uso na Mwili

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, Tabora mjini)

Mwangaluka! Asanteni sana. Mkuu wa shule, walimu wangu, nanyi wanangu, nashukuru kwa kunipa Jumamosi yenu.

Mwalimu aliyenialika ameniambia kwamba wengi wenu hapa mnasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na mnataka udaktari. Sikuja kuwatoa huko. Ila katika kila darasa la PCB hawakosi wawili watatu wanaochora pembeni mwa daftari, na wameshaambiwa mara nyingi waache kupoteza muda. Leo nina neno na hao. Ipo kazi ya tiba inayowahitaji wao hasa, kwa penseli yao na kwa baiolojia yao.

Saratani ikishika pua, mara nyingine daktari wa upasuaji hana njia ila kuiondoa yote. Mtoto mwenye saratani ya jicho anaweza kuondolewa jicho ili aishi. Wapo walioungua moto, wapo waliopata ajali ya bodaboda, na wapo waliozaliwa sikio moja halikuumbika. Madaktari wanaweza kujenga upya baadhi ya sehemu hizo kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe, na inapowezekana ni jambo jema. Lakini pengine ngozi imeshadhoofishwa na mionzi, au mgonjwa hana nguvu ya kustahimili upasuaji mwingine, au daktari anataka pale mahali pabaki pa kuchunguzika isije saratani ikarudi bila kuonekana. Hapo ndipo anapoitwa fundi wa kutengeneza pua, sikio, jicho au kidole cha bandia, kwa vipimo vya mtu yule mmoja tu. Taaluma hiyo inaitwa anaplastolojia.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino. Inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400. Ngozi yao haina melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kuwakinga na jua, na jua la Tabora mnalijua wenyewe. Saratani ya ngozi huwaanzia usoni, masikioni, midomoni na shingoni, mara nyingi wangali vijana. Kinga ndiyo ya kwanza: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa kule hospitali ya KCMC, Moshi. Ila aliyekwisha kupoteza sikio hatujamaliza naye kwa kumwambia avae kofia. Miwani yake itashikwa na nini? Atapandaje daladala wakati macho hayana pazia? Nimeona watu wazima, wenye akili na kazi zao, wakiacha kwenda msikitini na kanisani kwa sababu hiyo. Wanajifungia ndani. Hilo linaniuma, na sitaacha kulisema.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Katika karne ya 16 daktari Mfaransa Ambroise Paré alieleza pua za fedha na za karatasi iliyogandishwa, zikifungwa kichwani kwa uzi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari waliokuwa kwenye mahandaki walipigwa zaidi usoni, na mwishoni mwa mwaka 1917 mchonga sanamu wa Marekani, Anna Coleman Ladd, alifungua karakana Paris akawatengenezea vinyago vyepesi vya shaba vilivyopakwa rangi ya ngozi. Hakuwa daktari. Alikuwa mchongaji aliyejua uso. Wakati wa Vita Kuu ya Pili macho ya kioo, ambayo Marekani ilikuwa ikiyapata Ujerumani, yalibadilishwa na ya akriliki, plastiki ile ile ya mafundi wa meno. Kisha ikaja silikoni, laini kama ngozi. Naye Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua mwaka 1952, akifanya utafiti kwa sungura, kwamba mfupa hushikamana na madini ya titani. Leo sikio la bandia linaweza kushikwa kwa sumaku juu ya vijiti vya titani vilivyopandwa kwenye fuvu. Asiye na vijiti hutumia gundi ya kitabibu, au pua inafungwa kwenye fremu ya miwani.

Sasa niwaeleze tunavyofanya, kwa mfano wa sikio.

Kwanza tunapima na kuchukua umbo la pale lilipokuwa sikio, na la sikio lililobaki, kwa alginati, ule unga wa daktari wa meno unaokorogwa na maji ukaganda. Tunamimina plasta, tunapata nakala ngumu. Halafu tunachonga sikio jipya kwa nta. Hapa ndipo wanafunzi wengi hulia. Sikio lililobaki ni la kulia, wewe unachonga la kushoto. Kila mkunjo lazima uugeuze kichwani mwako. Ukingo wa nje, ukingo wa ndani, shimo, ndewe: vyote vina kina, na kina kikikosea kidogo tu kivuli kinakosea, na jicho la mtu mita tatu mbele linajua kuna kitu hakiko sawa ingawa haliwezi kusema ni nini. Kwa kawaida kilele cha sikio huwa karibu usawa wa nyusi, na ndewe karibu usawa wa chini ya pua, na sikio lote limelalia nyuma kidogo. Lakini kawaida si mgonjwa wako. Nta hujaribiwa kwa mwenyewe, ameketi wima, anaongea, anacheka, nawe unasogea nyuma kumtazama.

Kisha tunatengeneza kalibu ya plasta, nta inayeyushwa kwa maji moto, na nafasi yake inajazwa silikoni yenye rangi. Rangi! Msidhani ngozi yetu ni kahawia ya kopo. Ndani yake mna nyekundu ya damu, manjano, hata buluu, na zinapangwa tabaka kwa tabaka ili mwanga uingie kama unavyoingia kwenye ngozi. Rangi iliyolingana chini ya taa ya tyubu inaweza kukataa kabisa nje ya mlango, kwa hiyo tunachanganya dirishani, kwa mwanga wa mchana. Ngozi ya mtu mwenye ualbino ina madoa yake, na kila doa lina mahali pake.

Silikoni haidumu milele. Jua, jasho na gundi huichakaza, na baada ya mwaka mmoja hadi mitatu hivi inatengenezwa nyingine. Usiku inavuliwa na kuoshwa kwa sabuni isiyo kali. Kwa hiyo mgonjwa wako ni wako kwa miaka, na lazima ujue kumsikiliza.

Mafunzo je? Hata Marekani vyuo vinavyotoa shahada ya kazi hii ni vya kuhesabu kwa vidole. Johns Hopkins ni kimojawapo, ndani ya idara ya sanaa ya tiba iliyoanzishwa mwaka 1911. Anayetaka kutengeneza macho huko hufuata uanagenzi wa miaka mitano, saa 10,000 chini ya fundi mkuu. Hapa kwetu, mlango ninaoujua vizuri ni TATCOT pale KCMC, chuo cha viungo bandia kilichofunguliwa 1981, ambako huja vijana wa nchi nyingi za Afrika. Pale utajifunza miguu na mikono ya bandia, anatomia, plasta, vifaa, na jinsi ya kumpokea mgonjwa. Mlango mwingine ni maabara ya meno, maana alginati, nta na akriliki ni chakula chao cha kila siku. Ukitoka hapo ndipo unapotafuta ubobezi wa uso, na kwa maoni yangu ni vyema uwe umeshafanya kazi miaka michache kwanza.

Swali? Ndiyo, binti wa safu ya pili. Anauliza kama printa za pande tatu hazitatuondoa kazini.

Swali zuri. Skana inapiga picha sikio la kulia, kompyuta inaligeuza kuwa la kushoto, printa inatoa umbo. Inampunguzia mgonjwa usumbufu na inaniokolea siku za kuchonga, nami naipenda. Lakini mtu aliyepoteza pua hana nyingine ya kugeuza. Lazima mtu akae na picha zake za zamani, na ndugu zake, aichonge. Na asiyeweza kuchonga hataona kompyuta ilipokosea.

Na wewe kaka wa nyuma, usiyejua kuchora: kuona kunafundishika. Mkoa huu unajulikana kwa asali na nta, na chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa hapa mjini, kwa hiyo hutakosa cha kuchonga. Nimeleta vipande vya nta, visu vidogo na masikio manne ya plasta. Kila mmoja achague sikio moja achonge la upande wa pili. Tuanze na safu ya mbele. Madirisha ya huku yafunguliwe tupate mwanga.