Gongo likikosa siku yake: halingi na futboli ndani ya klabu moja

Haya jamani tuanze, wengine watatukuta njiani. Wazee wetu shikamooni, wengine habari zenu, na nyie watoto mliokaa huko nyuma naomba mtulie kidogo maana mada hii ni yenu.

Nimeombwa niongelee michezo ya Kigaeli, yani michezo ya jadi ya Ayalandi, kwa sababu watoto wetu wengi hapa Ayalandi wameshaingia kwenye klabu za wenyeji, na sisi wazazi tunasimama pembeni ya uwanja kwenye mvua tunapiga makofi pale tunapoona wenzetu wanapiga. Sitaweza kuongelea yote. Nitaongelea jambo moja linaloniuma kweli, maana nasaidia mazoezi ya watoto kwenye klabu iliyoko ukanda wa futboli (ya Kigaeli, siyo soka) na naliona kwa macho yangu. Halingi, ule mchezo wa magongo, inakufa kwenye klabu ambazo kila mtu anasema anaipenda. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua ifutwe, hakuna mtu anayeichukia, ukiuliza wote watakwambia ndo mchezo mzuri kuliko yote duniani. Inakufa kwa ratiba.

Kwa wale wageni kabisa, haraka haraka. Chama kinaitwa GAA, kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 pale Thurles, kaunti ya Tipperary, na kinasimamia michezo miwili mikubwa. Futboli ya Kigaeli ni ule wa mpira mkubwa unaochezwa kwa mikono na miguu. Halingi, wenyewe wanaandika hurling, ni ule wa magongo, na mpira wake mdogo unaitwa sliotar, gramu 110 mpaka 120 hivi, unapigwa ukiwa hewani na mtu anayekimbia huku mwingine anamkabili na gongo lake. Timu ni 15 kwa 15 kote kote, magoli ni yale yale ya umbo la H, goli ni pointi tatu, ukipitisha juu ya mwamba pointi moja (futboli tangu 2025 kuna na pointi mbili kwa shuti la mbali). Sasa sikilizeni hapa. Klabu ni ya parokia. Uwanja ni mmoja, kamati ni moja, mabasi ni yale yale, na sehemu nyingi hata watoto ni wale wale, yani Jumanne anashika gongo Alhamisi anashika mpira. Shida yote inaanzia hapo.

Ukichukua ramani ya nchi hii utaona halingi imekaa kusini. Kilkenny wamechukua ubingwa wa Ayalandi nzima mara 36, Cork 30, Tipperary walipowapiga Cork 2025 wakafika 29, sasa jumlisha uone wengine wamebaki na nini. Kaunti za Ulster, kule kaskazini, hazijawahi kuuchukua hata mara moja, Antrim walifika fainali 1943 na 1989 wakarudi mikono mitupu. Kerry, ambao kwenye futboli wana mataji 39, kwenye halingi wana moja tu, la 1891. Lakini ukisogea karibu zaidi na hiyo ramani unakuta vijipande ambavyo havikukubali kufa: kaskazini mwa Antrim kule Dunloy, Cushendall na Loughgiel, rasi ya Ards kaunti ya Down ambako kuna klabu tatu za halingi zimebanana, na kaskazini mwa Kerry kwenyewe. Majirani zao maili chache tu wanacheza futboli tupu. Hali ya hewa ni moja, watu ni wamoja, kwahiyo msije mkaambiwa ni mambo ya damu.

Mnajua kwa nini halingi ndo inaumia na futboli haiumii? Mtoto wa miaka sita ukimpeleka futboli siku ya kwanza atakimbia, ataupiga mpira, atarudi nyumbani anacheka. Mpeleke halingi. Kwanza hajui mkono upi unakaa juu kwenye gongo. Mpira ukiwa chini haruhusiwi kuuokota kwa mkono, lazima auvute kwa gongo, aubetue, audake, na hiyo kitu ya kubetua tu inamchukua wiki na wiki. Anapiga hewa, anapiga nyasi, anapigwa vidole, analia. Mwenzake ambaye kaka yake anacheza tayari anaweza, kwahiyo anajiona mjinga. Kinachomvusha pale ni ukuta, kusimama mbele ya ukuta jioni na kupiga mpira, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kila siku bila kocha. Ni kama kusoma Kurani, aliyeanza chuo na miaka mitano na aliyeanza na kumi na tano hawasomi sawa, na anayekaa wiki tatu bila kufungua msahafu anaisikia mwenyewe kwenye ulimi. Futboli unaweza ukaacha mwezi ukarudi. Gongo ukiliacha mwezi, mkono umesahau.

Sasa weka hilo kwenye ratiba. Jumanne halingi, Alhamisi futboli, sawa kwa sawa si ndio? Inakuja wiki ya mechi kubwa ya futboli. Kwenye grupu la WhatsApp inatoka meseji, ya adabu kabisa, wazazi samahani wiki hii Jumanne tutafanya futboli kwa sababu ya nusu fainali, halingi tutafidia. Kila mtu anaweka dole gumba. Wiki inayofuata wameshinda kwahiyo kuna fainali. Ya tatu yake watoto wamechoka wapumzike. Halingi inarudi wiki ya nne, wanakuja watoto wanane, wameshasahau kubetua, na Jumamosi kuna mechi ya halingi haifikishi timu, wapinzani wanapewa pointi za bure. Ukifika mwisho wa msimu kwenye kikao mtu anasimama kwa nia njema anasema jamani idadi haitoshi, labda mwakani rika hili tusiingize timu ya halingi. Mimi nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo na nawaambia hakuna aliyesema uongo mle ndani. Idadi kweli haikutosha. Lakini ile idadi ilipotea kwenye zile Jumanne zilizoazimwa, na sijawahi kuona futboli inarudisha Jumanne iliyoazima.

Kuna mama hapo anauliza, kwani si wachague tu mmoja, dunia ya sasa nani anaweza miwili. Asante dada, swali zuri sana. Juu kabisa, ngazi ya kaunti, kweli siku hizi karibu haiwezekani, mazoezi yamekuwa ya kitaalamu mno japo hawalipwi mshahara. Teddy McCarthy wa Cork, Mungu amrehemu alifariki 2023, ndo mwanaume pekee aliyechukua medali zote mbili mwaka mmoja, 1990, fainali ya halingi dhidi ya Galway, wiki mbili baadaye fainali ya futboli dhidi ya Meath. Haijarudiwa mpaka leo. Lakini mimi naongelea klabu, na klabu inawezekana, ninao mfano. Loughmore-Castleiney, parokia ndogo ya mashambani kule Tipperary, wamechukua ubingwa wa kaunti wa halingi na wa futboli kwa mwaka mmoja, 2013, tena 2021, na wachezaji karibu wale wale, wikendi hii gongo wikendi ijayo mpira, mpaka msimu unaisha. Slaughtneil kule Derry, kaunti ya futboli kabisa, mwaka 2016 walichukua ubingwa wa klabu wa Ulster kwa futboli, kwa halingi na kwa kamogi, yani halingi ya wanawake, mitatu kwa mpigo kijiji kimoja, na wale mabinti wakaenda kuchukua Ayalandi nzima 2017, 2018 na 2019. Chrissy McKaigue na Brendan Rogers walikuwa kwenye timu zote mbili za wanaume. Hawa hawana miguu minne. Wana makubaliano, kwamba wiki ya halingi ni ya halingi hata kama futboli inaungua, na kinyume chake hivyo hivyo.

Na kwa mabinti nisipite haraka, maana hapo ni pagumu zaidi. Kamogi ina chama chake, futboli ya wanawake ina chama chake, na GAA ni chama cha tatu, ndo maana binti anayecheza yote anaweza kukuta mechi mbili siku moja, kila chama kimepanga ya kwake. Mpango ni vyama vitatu viwe kimoja ifikapo 2027, na mimi naomba ifike kweli, kwa sababu Rena Buckley na Briege Corkery wa Cork walichukua medali 18 kila mmoja za Ayalandi nzima kwa kuchanganya michezo yote miwili, sasa fikiria vipaji vingapi vya namna hiyo vimelazimishwa kuacha kimoja na mtu mwenye kalenda.

Tena msidhani nina ugomvi na futboli, mwanangu anaicheza na anaipenda. Nendeni Kilkenny muone upande wa pili. Kule halingi imetawala mpaka futboli ikaisha nguvu, kaunti yenyewe iliacha kuingiza timu kwenye ligi ya taifa ya futboli zaidi ya miaka kumi sasa, na hawa wamewahi kuwa mabingwa wa futboli wa jimbo lao la Leinster, zamani sana, 1911. Mchezo wenye nguvu ukiachiwa unakula siku zote za mwenzake. Huku kwetu mwenye nguvu ni futboli, ndo maana nasema upande huu.

Mwishoni mwa 2023 palitolewa pendekezo ndani ya GAA la kuziondoa kaunti tano kwenye ligi ya taifa ya halingi, Cavan, Fermanagh, Leitrim, Longford na Louth, hoja ikiwa klabu zao za halingi za watu wazima ni chache mno, bora hela na nguvu viende kwa watoto wa chini. Wachezaji walilia, likaanguka. Ile hoja si ya kipumbavu, kweli huwezi kujenga kaunti juu ya klabu mbili. Lakini mtoto wa Leitrim anayepiga ukuta jioni anahitaji kumuona mtu wa kwao amevaa jezi ya kaunti na gongo mkononi, ukimuondolea huyo, ile pesa ya watoto unamfundishia nini? Na hapa nitamtaja Zak Moradi. Mkurdi, amezaliwa Ramadi kule Iraq, familia yake wakimbizi, wakaletwa Leitrim 2002 yeye akiwa bado mtoto, hajawahi kuona gongo maishani. Mwaka 2019 alikuwa kwenye timu ya Leitrim iliyowashinda Lancashire kwenye fainali ya Kombe la Lory Meagher, Croke Park, uwanja unaochukua watu elfu themanini na zaidi. Lory Meagher ndo ngazi ya chini kabisa na kuna watu wanaidharau. Mimi siidharau hata chembe, kijana wa mkimbizi alipata kaunti kupitia pale. Na Seán Óg Ó hAilpín, mama yake Mfiji, kazaliwa Fiji, mwaka 1999 alicheza fainali zote mbili na Cork, halingi wakashinda futboli wakashindwa, 2005 akapokea kombe la Liam MacCarthy, lile la ubingwa wa halingi wa Ayalandi nzima, kama kapteni na hotuba yake akaitoa kwa Kigaeli. Hao ni watoto waliokuja kama wa kwetu walivyokuja.

Gharama, nisizifiche. Helmeti ni lazima tangu 2010, watoto kwa wakubwa. Gongo linavunjika, na mtoto anarefuka kwahiyo hata lisipovunjika linabadilishwa. Magongo yanachongwa kwenye mti wa ash, pale chini shina linapopanuka kuingia mzizini, ili nyuzi za mbao zifuate ile kona ya gongo, na hiyo miti imeingiwa na kuvu iliyogunduliwa hapa 2012, inakauka nchi nzima, mbao nyingi sasa zinaagizwa nje na wengine wameanza kutengeneza magongo ya mianzi. Futboli ni mpira mmoja na nyasi. Mweka hazina wa klabu anayaona hayo yote kwenye daftari lake, tusimlaumu, tumsaidie.

Sasa ninachoomba. Klabu za jirani kuungana ili kupata timu moja ya halingi ni sawa, bora hivyo kuliko hakuna, ila mtoto anataka jezi ya kijijini kwake kwahiyo mazoezi yazunguke viwanja vyote. Pili, na hili ndo lililonileta, siku ya halingi iandikwe kwenye kanuni za klabu na isiazimwe, hata wiki ya fainali, hata wakija watoto sita. Sita wakija wiki zote wanajua kubetua, na wanaojua kubetua wanaleta wenzao. Ile meseji ikitoka tena, wewe mzazi usiweke dole gumba. Jibu kwa heshima, kocha sisi Jumanne tutakuja na magongo. Wakijibu hivyo wazazi watatu tu, mambo yanabadilika, nimeshaona.

Baba wa hapo mbele, ndio, nimekuona. Anauliza gongo la binti yake wa miaka saba anunue saizi gani. Usinunue bado mzee wangu. Asimame wima, gongo liwekwe kando ya mguu wake ile sehemu yake pana ikiwa chini, ncha ya juu ifike kwenye mfupa wa nyonga, isizidi, likizidi atazoea kushika katikati na hiyo tabia haitoki. Klabu nyingi zina ya kuazima, na mengine ninayo kwenye mfuko huu. Walete hapa mbele mmoja mmoja tuwapime.