Mlango wa Pili: Lithuania na Gesi ya Urusi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Habari za vita vya Ukraine mnazo, sitazirudia. Nimekuja kuzungumzia meli moja.

Tarehe 27 Oktoba 2014 meli hiyo iliingia bandari ya Klaipėda, nchini Lithuania, na Rais Dalia Grybauskaitė akaenda mwenyewe kuipokea. Ina urefu wa mita 294, karibu viwanja vitatu vya mpira ukivipanga kwa mstari. Iliundwa Korea Kusini, Lithuania ikaikodi kutoka kampuni ya Norwei. Jina lake Independence, yaani Uhuru.

Kazi yake ni hii. Gesi asilia ikipozwa hadi nyuzi 160 hivi chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua mara 600. Meli za mizigo huileta hivyo, huihamishia ndani ya Independence, na humo joto la maji ya bahari huirudisha kuwa gesi, ikasukumwa kwenye bomba la nchi. Basi. Kabla ya hapo, gesi yote ya Lithuania ilitoka kwa muuzaji mmoja, Gazprom ya Urusi, na bei waliyotozwa ilikuwa miongoni mwa bei za juu kabisa Ulaya, ilhali wao ni majirani wa Urusi!

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huniacha njiani kila mwaka. Bei ilishuka lini? Mei 2014. Meli ilikuwa bado haijafika. Gazprom ilikubali kupunguza takriban asilimia 20 kwa sababu iliona mteja anajenga gati, na yule mteja hatabaki tena na muuzaji mmoja tu.

Najua atanyanyuka mtu aseme: "Mwalimu, meli ya kukodi ni ghali, gesi ya bomba ni nafuu." Walithuania wengi walisema hivyo hivyo, tena kwa hasira, maana gharama ya meli iliingia kwenye ankara zao. Lakini unafuu wa bomba ulipimwaje wakati hapakuwa na bei ya pili ya kuulinganisha nayo? Mtu akikupangia bei peke yake, neno "nafuu" umelitoa wapi?

Tena hawa walikuwa wamekwisha kuumwa na nyoka. Machi 1990 walitangaza uhuru kutoka Muungano wa Kisovieti. Mwezi uliofuata Moscow ikakata mafuta ghafi na kupunguza gesi. Petroli ikagawiwa kwa mgao, maji ya moto yakakatika majumbani. Mwisho wa Juni bunge lao likakubali kusimamisha kwa muda utekelezaji wa tangazo lile, ndipo vikwazo vikaondolewa. Taifa lilisogezwa kwa valvu ya bomba! Nikisoma habari hiyo hadi leo moyo unanidunda.

Mwingine atasema wamebadilisha bwana tu, wametoka kwa Mrusi wakaenda kwa Mnorwei. Hapana. Bomba limezikwa ardhini, haligeuzwi kichwa. Meli ya mzigo inatoka popote: walianza na Norwei, na mwaka 2017 ikafika shehena ya kwanza kutoka Marekani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbiombio. Mafuta: mwaka 2006 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mažeikiai kilipouzwa kwa kampuni ya Poland badala ya ya Urusi, bomba la Druzhba, lililoleta mafuta ya Urusi huko, likasimamishwa, ikaelezwa kuwa limeharibika, na halikufunguliwa tena. Kiwanda hakikufa kwa sababu tangu 1999 walikuwa na gati la Būtingė la kupokelea mafuta kwa meli. Kupasha nyumba joto: sehemu kubwa sasa ni vipande vya kuni, si gesi. Hilo lilistahili mhadhara wake.

Aprili 2022 Lithuania ikawa nchi ya kwanza ya Umoja wa Ulaya kuacha kabisa kununua gesi ya Urusi. Ile meli, mwishoni mwa 2024 wakainunua. Na Februari 2025 wao, Latvia na Estonia wakajitoa kwenye gridi ya umeme ya Urusi na Belarus, siku iliyofuata wakaungana na ile ya Ulaya, na taa hazikuzimika.

Maswali.