Mafua Yasiyoisha: Namna ya Kuyatambua Macho Yenye Mzio

Ndugu wazazi na ndugu walimu, nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Katika kliniki ya macho ninakofanya kazi, hapa Dodoma, maneno ninayoyasikia mara nyingi kutoka kwa mama aliyempakata mtoto ni haya: "Daktari, ana mafua ya macho, hayaishi." Leo nitashughulika na neno hilo moja, "hayaishi", kwa kuwa mafua huisha.

Mafua huletwa na virusi. Koo hukereketa, mwili hulegea, kamasi hutoka nyepesi kisha ikawa nzito, na kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10 mtu huwa amepona. Ni kweli kwamba mwenye mafua hutokwa machozi, kwa sababu kile kimfereji kinachoyapeleka machozi kutoka pembeni mwa jicho hadi puani huvimba na kuziba, na machozi yakikosa njia humwagikia shavuni. Macho yake yanaweza pia kuwa mekundu au kuchoma kidogo. Lakini kule kuwasha hasa, kunakomfanya mtu ayafikiche macho mpaka kope zivimbe, si tabia ya mafua.

Huko ni kuwasha kwa mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji. Mwili hukutana na kitu kisicho na madhara, kama vile chavua ya nyasi, manyoya ya paka, kinyesi cha mende au utitiri wa vumbi unaoishi godoroni, ukakiona kuwa ni adui. Chembe hai zilizo katika utando laini wa jicho humwaga kemikali iitwayo histamini, nayo ndiyo inayowasha. Anayefikicha huzibonyeza chembe hizo zizidi kumwaga, kwa hiyo akipata nafuu ya dakika moja, mwasho hurudi mkali zaidi. Mzio hushika macho yote mawili, hauleti homa, na machozi yake ni meupe au yenye utelezi unaovutika kama uzi. Mara nyingi huandamana na chafya za mfululizo, na ukiulizia ukoo utasikia kwamba kuna mwenye pumu au ukurutu.

Yasichanganywe haya na macho mekundu ya kuambukiza, kama yale yaliyoenea Dar es Salaam Januari 2024. Hayo kwa kawaida huanza jicho moja, likafuata la pili baada ya siku chache, asubuhi kope zimegandana kwa matongotongo, na punde aliyelala chumba kimoja na mgonjwa naye anaugua. Mzio hauambukizi.

Niliwahi kuletewa mvulana wa darasa la tatu. Alipokuwa amekaa mbele yangu alikuwa akiyafikicha macho kwa kifundo cha mkono, kwa kuzungusha, bila yeye mwenyewe kujitambua. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na nilipolipindua kope la juu nikaona vinundu vimejipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi. Mama yake akafungua pindo la kanga akatoa kichupa cha dawa ya matone, iliyonunuliwa dukani bila vipimo na kutumiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, kila macho yalipowasha. Ilikuwa na deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ya jamii ya steroidi. Dawa za aina hiyo hutuliza mwasho upesi sana, na hapo ndipo ninapowaogopea watoto wetu, maana zikitumiwa muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya macho ya kijana yule ilikuwa imekwisha kupanda, naye hakuwa akihisi maumivu yoyote. Simlaumu mama, kwani aliitafuta nafuu ya mwanawe kwa njia iliyokuwa karibu.

Nyumbani anzeni na kitambaa safi kilichochovywa maji baridi, kiwekwe juu ya macho yaliyofumbwa. Mtoto anawe uso kila atokapo kucheza vumbini. Mashuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na chumba kipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa ufagio mkavu huyarusha mavumbi yarudi machoni. Ziko dawa za kuzuia histamini, za vidonge na za matone, ila aliyempima mtoto ndiye aseme ipi na kwa muda gani. Na jicho likiuma hasa, likishindwa kuvumilia mwanga, au mtoto akisema haoni vizuri ubaoni, aletwe siku hiyo hiyo.

Sasa naomba maswali. Mama uliyekaa karibu na dirisha, mwanao amekuwa akifikicha macho tangu nianze kuzungumza. Niruhusu nianze nanyi.