Kigeu Nasibu: Tujifunze kwa Dadu Tatu

Karibu mtazamaji. Leo tunashughulikia kigeu nasibu, na kazi tunaifanyia mezani. Tafuta dadu tatu za rangi tofauti, tuseme nyekundu, nyeupe na buluu, pamoja na karatasi na kalamu.

Zirushe mara moja. Hapa zimeangukia 2 kwenye nyekundu, 6 kwenye nyeupe na 1 kwenye buluu. Usijumlishe kwanza. Andika (2, 6, 1): hilo ndilo tokeo. Kila dadu ina nyuso 6, kwa hiyo matokeo yote ni 6 × 6 × 6, yaani 216. Dadu zikiwa za haki, yaani haziupendelei uso wowote, kila tokeo lina uwezekano wa 1/216.

Sasa jumlisha: 9. Andika herufi kubwa X, na mbele yake kanuni hii: jumla ya nyuso tatu. Hicho ndicho kigeu nasibu chetu. Wengi hukwama hapa kwa kuidhania X kuwa ile ya aljebra, namba iliyojificha ikingoja kutafutwa. Sivyo. X ni kanuni inayolipatia kila tokeo namba yake. Bahati iko kwenye dadu, kanuni haibadiliki. Namba iliyopatikana baada ya kurusha tunaiandika kwa herufi ndogo: x = 9.

X inaweza kuwa namba yoyote kuanzia 3 hadi 18, jumla thamani 16. Tafadhali usiipe kila moja 1/16! Hesabu matokeo yanayoizaa. 3 inazaliwa na (1, 1, 1) peke yake, basi uwezekano wake ni 1/216.

Tuje kwenye 9 na 10, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wacheza kamari wa Italia walikuwa wameona kwamba 10 hutokea mara nyingi kidogo kuliko 9, ilhali kila moja ina makundi sita ya nyuso. Galileo Galilei ndiye aliyewaeleza sababu, mwanzoni mwa karne ya 17. Andika makundi ya 9: 126 (yaani 1, 2 na 6), 135, 144, 225, 234, 333. Kundi lenye nyuso tatu tofauti hupangika kwa njia 6, lenye mbili zinazofanana njia 3, na 333 njia 1 tu. Rangi za dadu zitakusaidia kuziona. Jumla ni 25. Makundi ya 10 ni 136, 145, 226, 235, 244, 334, nayo yanatoa 27. Tofauti ni 2/216, haifiki hata moja katika mia, na bado wachezaji wale waliiona.

Endelea hivyo kwa thamani zote, uchore jedwali. Uwezekano wote ukijumlishwa lazima uwe 1. Usipofika, kuna tokeo umeliruka. Wastani unaotarajiwa wa X, yaani ule unaoukaribia ukirusha mara nyingi sana, ni 10.5, namba ambayo hakuna mrusho hata mmoja utakaoitoa.

Dadu zilezile zinabeba vigeu vingine. Y ikiwa idadi ya dadu zilizoonyesha 6, Y = 0 ina matokeo 125, Y = 1 ina 75, Y = 2 ina 15, na Y = 3 ina 1.

Simamisha video ujaribu Z: uso mkubwa kutoa uso mdogo. Z = 0 ina matokeo 6, Z = 1 ina 30. Tafuta yaliyobaki.