Tunashusha Volvo 245: Iwe chini, lakini ibebe mzigo

Karibuni jamani, karibuni sana. Leo tunaishusha Volvo 245, stesheni wagoni ya familia ya 240 iliyotengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993. Tarakimu zake zinajieleza zenyewe: 2 ni toleo, 4 ni silinda, 5 ni milango ukihesabu na ule mkubwa wa nyuma. Naipenda kwa ajili ya paa lake. Tazameni, limenyooka hadi nyuma kabisa, na gari likishuka kidogo tu paa hilo linapendeza maradufu.

Tunashuka milimita 40 mbele na 30 nyuma. Tofauti hiyo nimeiweka makusudi. Hili ni gari la mzigo, na likipakiwa mkia unakaa. Ukishusha nyuma kupita kiasi, siku ya mzigo pua inainuka na taa zinamulika matawi ya miti. Wagoni isiyoweza kubeba imepoteza kazi yake, mimi siitaki.

Kabla ya jeki, pima. Gari liwe kwenye sakafu iliyonyooka, chukua kipimo kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, andika. Usipimie kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya.

Haya, tunaanza nyuma: legeza nati za tairi, weka vizuizi mbele, nyanyua, stendi, toa tairi. Stendi zikae chini ya bodi, siyo chini ya ekseli, maana ekseli tunaishusha. Jeki ibaki inaishika ekseli katikati, pale kwenye difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli.

Fungua bolti za chini za shokapu. Hapa… ngoja. Hii ya kushoto imegoma. Sogeza kamera kidogo. Mnaona kutu hiyo? Bolti imeshikana na chuma kilicho ndani ya bushi, ule mpira wa kwenye kiungo. Usiongezee bomba kwenye spana ukavuta kwa nguvu, utaikata. Pulizia dawa ya kutu pande zote mbili, iache inywe, kisha izungushe mbele na nyuma kidogo kidogo. Wakati tunasubiri twende upande wa kulia, huo umefunguka bila shida.

Sasa teremsha jeki polepole. Polepole… simama hapo! Angalieni mpira wa breki, umeanza kuvutika. Ekseli isining'inie kwenye huo mpira hata sekunde moja. Panda kidogo na jeki, fungua kishikizo chake kwenye bodi, upate ulegevu. Sawa, endelea.

Fungua nati za springi, toa springi ya zamani, ingiza fupi. Ncha ya springi ikae kwenye kikalio chake, ihakikishe kwa kidole.

Najua mtauliza kama mnaweza kukata ile ya zamani kwa grainda. Ncha ya springi ya kiwandani imetengenezwa ikalie kikalio. Ukiikata, umeiondoa hiyo ncha. Na kuichoma kwa gesi ili ilale ni hatari kabisa, chuma kinapoteza ugumu wake na springi inaendelea kukaa siku hadi siku. Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hili, pamoja na shokapu zinazolingana na kimo kipya.

Sasa nisikilizeni vizuri. Bolti za bushi, za mikono ya nyuma na ya Panhard rodi (ile fimbo ya kukingama inayoishika ekseli), zilegeze kisha zirudishe kwa mkono tu. USIZIKAZE gari likiwa juu. Mpira wa bushi unashikana na chuma mahali pale ulipokaziwa. Ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, gari likitua mpira umeshasokotwa, na unabaki umesokotwa muda wote. Baada ya muda unachanika, na hata kimo cha gari hakitakuwa sahihi. Zipake chokaa nyeupe kama hivi ili usizisahau. Kwa mkono tu!

Twende mbele. Hapa zima redio na usiongee na mtu. Springi ya mbele imezunguka strati, ile nguzo yenye shokapu ndani yake, na imebanwa kwa nguvu kubwa mno. Nati ya katikati juu ya strati ndiyo inayoizuia. Weka vibanio vya springi viwili, kimoja mkabala na kingine, kaza kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, hadi uizungushe springi kwa mkono na uione imelegea kwenye vikalio vyake. Ndipo uguse nati. Usisimame juu yake, uso wako uwe pembeni. Kama kibanio kimepinda au nyuzi zake zimechakaa, acha kazi leo, tafuta kingine.

Springi imelegea, nati imetoka, tenganisha kiungo cha stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) na kishikizo cha bomba la breki, vuta strati nje upande wa chini. Ifunge kwa waya isiangukie breki. Badilisha shokapu ya ndani, weka springi mpya na kizuizi cha mpira kilicho kifupi zaidi, rudisha vyote. Upande wa pili ni hivyo hivyo, sirekodi.

Tairi zirudi, shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma mara chache likae. Mnakumbuka chokaa? SASA ndipo tunakaza bushi, uzito wote ukiwa kwenye tairi. Huwezi kuingia chini? Panda kwenye rampu, lakini tairi zote zibebe uzito.

Panhard rodi ndiyo inayoizuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Gari likishuka, pembe yake inabadilika na ekseli inasogea upande mmoja. Ning'iniza timazi kutoka kwenye madigadi pande zote mbili na ulinganishe umbali hadi kwenye tairi. Mimi huweka rodi inayorekebishika urefu, naizungusha hadi pande zilingane.

Rimu: matundu ya bolti ni 5 kwenye duara la milimita 108, na tundu la katikati ni milimita 65.1. Nimechagua inchi 16 na tairi 205/50, kwa sababu kimo chake kinakaribiana sana na 195/60 za inchi 15, hivyo spidomita haitapotoka. Angalia namba ya uzito kwenye tairi, usiweke nyepesi kuliko ya kiwandani. Reli za paa zinabaki, bampa linabaki. Vioo vya nyuma nitavitia giza kidogo, vya mbele sivigusi.

Mwisho ni alaimenti, yaani kunyoosha tairi, lazima. Kemba, ule mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele, inarekebishwa juu ya strati, matundu yake ni marefu, legeza nati tatu usogeze. Kisha tairodi, fimbo za usukani, ndizo zinazonyoosha tairi zitazame mbele. Rekebisha taa pia. Baada ya safari fupi ya kwanza kaza tena nati za tairi, kisha pakia mzigo wako wa kawaida, kata kona taratibu, na usikilize kama tairi inagusa madigadi. Ikigusa, kunja ule ukingo wa ndani, na video ijayo nitaonyesha namna ya kuupasha moto rangi isipasuke.