Askari Akikwambia "Futa!"

Asalaam alaykum. Nashukuru kwa kunialika hapa Wete kuzungumzia haki ya kumrekodi askari kwa simu, na nimefurahi kuwaona kina mama mmekaa mbele, maana wenye simu ni watoto wenu.

Nianze na nililoliona kwa macho yangu Darajani, Unguja. Askari kamzuia kijana wa bodaboda, maneno yamepanda, kijana kashikwa ukosi. Binti mmoja mwenye kapu la ndizi akanyanyua simu. Askari akamwachia kijana, akamwendea yeye: "Futa!" Binti akafuta, kidole kinamtetemeka. Nami mwanasheria nilikuwa ng'ambo ya barabara. Hadi nifike, ushahidi umeshapotea. Linaniuma hadi leo.

Watu huniuliza kifungu kinachowapa haki ya kurekodi. Shikeni ibara ya 18. Katiba ya Zanzibar ya 1984 na ya Muungano ya 1977, namba ni ileile: uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo zote mbili zinakuhusuni. Uhuru huo una mipaka, sikufichini. Ukimzuia askari kufanya kazi yake, hilo ni kosa. Basi simama mbali, usitukane, ukiambiwa rudi nyuma rudi, huku simu inaendelea kurekodi. Kwenye kambi za jeshi, usiinyanyue simu kabisa.

Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, akiwa kazini, amezungukwa na askari. Picha za tukio lile zilienea nchi nzima. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Kila nikisikia neno "futa", hukumbuka picha zile.

Hatari kubwa naiona kwenye kurusha video mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu habari za uongo. Ukiandika juu ya video yako jambo ambalo halikutokea, umejitia kitanzi mwenyewe. Weka nakala kwa ndugu unayemwamini, kisha mwone wakili. Na sheria hiyohiyo, inapozungumzia kupekua na kuchukua vifaa, inamtaja mkuu wa kituo kuwa ndiye mwenye kutoa amri, si askari yeyote wa njiani.

Mama kule nyuma ameuliza: mwanangu akinyang'anywa simu je? Asivutane nao, mama. Ashike jina au namba ya askari, saa na pahala, aende kituoni na mtu mzima, na asiondoke bila ya namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake ilivyoandikwa katika kitabu cha kituo.